Namba chini ya 180: satelaiti na tundu la ozoni

Kuna hadithi inayopendwa sana na wanaofundisha takwimu na sayansi ya data. Inasema hivi: satelaiti ya Marekani ilizunguka juu ya Antaktika kwa miaka, na kila ilipoona ozoni (gesi ya juu angani inayotukinga na urujuanimno wa jua) kidogo mno, kompyuta ikaitupa namba hiyo kwa sababu mtu aliiamuru itupe. Wakati huo Waingereza watatu wenye kifaa cha kizamani walikuwa wakipima kutoka chini, nao ndio waliogundua tundu la ozoni, yaani eneo la anga ya Antaktika ambako ozoni hupungua sana kila majira ya kuchipua, Septemba hadi Novemba kule kusini. Waswahili husema lisemwalo lipo. Hili lipo nusu tu, na nusu iliyoachwa nje ndiyo yenye fizikia yote.

Hata mimi niliwahi kuisimulia hivyohivyo. Nilianza kuitilia shaka nilipojiuliza swali dogo la hesabu, ambalo nitalifikia. Kwanza tuone vifaa vyenyewe, maana bila kujua kila kimoja kilikuwa kinapima nini, kisa hiki hakieleweki.

Kifaa cha chini

Ozoni iliyo angani haipimwi kwa kuichota. Hupimwa kwa kuangalia inachoumeza. Molekuli za ozoni humeza mionzi ya urujuanimno, lakini hazimezi kila urefu wa wimbi kwa ulafi uleule: karibu na nanomita 305 humeza sana, karibu na 325 humeza kidogo. Katika miaka ya 1920 Gordon Dobson wa Oxford alitengeneza spektrofotomita inayopokea mwanga wa jua katika mawimbi mawili ya namna hiyo na kulinganisha nguvu zake. Ujanja uko kwenye uwiano. Vumbi na ukungu hufifisha mawimbi yote mawili karibu sawasawa, kwa hiyo athari yake hupungua sana unapogawanya moja kwa jingine. Kinachobaki ni alama ya ozoni.

Kipimo chake kina jina la mwenyewe. Ukiikusanya ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako, kuanzia ardhini hadi ukingo wa anga, ukaishusha hadi nyuzi 0 za Selsiasi na mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari, itakuwa tabaka jembamba. Kila unene wa milimita 0.01 ni Dobson 1. Dobson 300, ambayo ni hali ya kawaida, ni milimita 3 tu za gesi.

Mwaka 1956 Waingereza walijenga kituo cha Halley Bay juu ya barafu inayoelea kando ya Bahari ya Weddell, wakijiandaa kwa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia wa 1957–58. Kifaa cha Dobson kilipelekwa huko, na kazi ikaanza: kukielekeza kwenye jua, kusoma, kuandika, kesho tena. Kazi hii haina mvuto wowote. Majira yanapita, wapimaji wanabadilishwa, karatasi zinarundikana. Joe Farman, aliyesimamia vipimo hivyo kutoka Uingereza, aliendelea kuvidai mwaka baada ya mwaka, ingawa ilikuwa vigumu kumweleza mtu yeyote vilikuwa vya nini.

Mwaka 1977 aliajiriwa kijana, Jonathan Shanklin, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuingiza rundo lile la karatasi kwenye kompyuta. Mwaka 1983 taasisi yao ilikuwa na siku ya kupokea wageni, na Shanklin akataka kuwaonyesha kwamba ozoni ya sasa ni ileile ya zamani, ili kutuliza hofu za makopo ya kupulizia, ambayo gesi zake zilidhaniwa kuharibu ozoni. Namba zikamkatalia. Wastani wa Oktoba juu ya Halley, uliokuwa karibu Dobson 300 katika miaka ya mwanzo, ulikuwa unateremka. Kufikia Oktoba 1984 ulikuwa chini ya 200.

Farman hakukimbilia kuandika. Kifaa kilikuwa kimezeeka kwenye baridi kali, na kifaa kilichozeeka ndicho mshukiwa wa kwanza wa mpimaji yeyote mwenye akili. Kikapelekwa kingine kipya, nacho kikasema vilevile. Yakaangaliwa matokeo ya kituo kingine cha Uingereza katika Visiwa vya Argentine, mbali upande wa kaskazini-magharibi: kule nako ozoni ilikuwa inapungua, ingawa kwa kiasi kidogo. Bado kulikuwa na jambo moja lililomfanya asite. Juu kabisa kulikuwa na satelaiti inayopita huko kila siku, nayo ilikuwa kimya. Kama kweli ozoni inapungua kwa kiasi hiki, mbona Wamarekani hawajasema?

Jicho la juu

Nimbus-7 ilirushwa Oktoba 1978. Miongoni mwa vifaa vyake kilikuwamo TOMS, kilichotengenezwa kuchora ramani ya ozoni yote ya dunia. Satelaiti ilizunguka kwa kimo cha takriban kilomita 955, ikipita karibu na ncha zote mbili za dunia, na kuvuka ikweta upande wa mchana karibu na saa sita za mahali. Kioo cha TOMS kilifagia kutoka ubavu mmoja hadi mwingine wakati satelaiti ikisonga mbele. Kila doa lililosomwa chini yake moja kwa moja lilikuwa na upana wa kilomita 50 hivi, na kwa siku vilipatikana vipimo karibu 200,000. Halley Bay ilikuwa doa moja miongoni mwa hayo.

Kanuni ni ndugu ya ile ya Dobson, ila imepinduliwa. Jua linaangaza kutoka juu. Mwanga unashuka, unapita kwenye ozoni, unagonga hewa, mawingu au theluji, na sehemu yake inarudi juu na kupita kwenye ozoni mara ya pili. TOMS ilipokea mwanga huo uliorudi katika mawimbi sita, kuanzia karibu nanomita 312 hadi 380. Lile la 380 ozoni hailigusi, kwa hiyo linaeleza tu uso wa chini unang'aa kiasi gani. Yale ya karibu na 312 yanamezwa. Ukijua uso unang'aa vipi, unaweza kuuliza: mwanga uliopotea, nani kaula?

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Chombo cha kupima kwa mbali hakisomi ozoni. Kinasoma mwanga, na ozoni ni jibu la swali la kinyumenyume: ni anga ya namna gani ingeweza kuurudisha mwanga kama huu? Ili kujibu, watu wa TOMS walitengeneza majedwali. Walichukua anga za mfano, kila moja ikiwa na kiasi chake cha ozoni na namna ozoni hiyo inavyopangika kutoka chini kwenda juu, wakakokotoa mwanga ambao kila anga ingerudisha kwa kila pembe ya jua. Kisha programu ikawa inatafuta anga inayolingana na mwanga uliopokelewa. Na anga za mfano zilitoka wapi? Zilitoka kwenye vipimo vya zamani. Kwa maana hiyo, majibu ya satelaiti yalikuwa na mipaka ya yale ambayo binadamu alikuwa ameshayaona.

Juu ya Antaktika mambo ni magumu zaidi. Wakati wa usiku mrefu wa majira ya baridi hakuna jua, kwa hiyo hakuna kipimo. Ramani ina duara tupu katikati. Jua linaporudi, kuanzia Agosti na Septemba, linakuwa chini sana karibu na upeo. Mwanga unapita kiubavu, njia yake angani inakuwa ndefu, na hapo jibu linategemea sana mpangilio wa ozoni uliodhaniwa. Yaani mahali na majira ambapo tundu lilikuwa linafunguka ndipo hasa ambapo kifaa kilikuwa hakijiamini.

Mhandisi mwenye busara hufanya nini? Anaweka kizuizi. Programu iliambiwa kwamba ikipata jibu chini ya Dobson 180, iliwekee alama ya shaka. Thamani ndogo kiasi hicho hazikutarajiwa popote duniani, kwa hiyo ikitokea moja, dhana ya kwanza iwe kwamba kuna hitilafu: pengine wingu la ajabu, pengine jua limekuwa chini mno, pengine kifaa kimekosea.

Kuweka alama si kufuta

Sasa lile swali la hesabu. Kama satelaiti ilikuwa inatupa kila kilicho chini ya 180 tangu 1978, basi inabidi kuwe na vilivyo chini ya 180 tangu 1978. Je, vilikuwapo?

Data zilizochakatwa upya baadaye zinajibu. Thamani ya chini kabisa iliyopatikana juu ya Antaktika katika majira ya kuchipua ya 1979 ilikuwa karibu Dobson 194. Mwaka 1980 na 1981 zilikuwa hapohapo, juu kidogo ya 190. Mwaka 1982 ikashuka hadi karibu 170. Mwaka 1983, karibu 154. Kwa hiyo miaka mitatu ya mwanzo hapakuwa na kitu cha kutupwa: ozoni ilikuwa juu ya mpaka. Kizuizi kilianza kuguswa 1982, na kikaguswa kweli 1983. Hadithi ya kompyuta iliyoficha ukweli kwa miaka mingi inavunjika hapo, kabla hata hujamuuliza mtu yeyote.

Na watu wenyewe wana maelezo yao. Alama ya shaka haikufuta chochote. Namba ilibaki kwenye kanda ya kuhifadhia data, ikiwa na alama ubavuni. Data zilikuwa zinachakatwa kwa kuchelewa, si siku ileile. Mnamo Julai 1984 timu ya TOMS ilipokuwa inapitia data za Oktoba 1983 iliona alama za shaka zimeongezeka ghafla. Wakachora ramani ya mahali zilipotokea, na kwa maoni yangu hiki ndicho kitendo bora kuliko vyote katika kisa kizima. Hitilafu za kawaida hutawanyika. Mahali hapa pana wingu, pale pana kelele za umeme kwenye chombo, kwingine programu imeteleza. Alama hizi hazikutawanyika. Zilikuwa zimekusanyika pamoja juu ya Antaktika.

Kukusanyika huko kuna uzito. Namba moja iliyo nje ya mpaka haina la kusema. Maelfu yaliyo nje ya mpaka, yakiwa jirani, yakiwa na ukingo, yakirudi kila siku wakati satelaiti inapita kwa njia tofauti, hayawezi kuwa kelele tu. Ama ni anga, ama ni kosa lenye umbo.

Walihitaji shahidi wa pili ili kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Kituo cha Amundsen-Scott cha Marekani kiko kwenye Ncha ya Kusini yenyewe, na kilikuwa na kifaa cha Dobson. Wakaangalia kilisoma nini Oktoba 1983. Kilisoma karibu Dobson 300.

Fikiria uko kwenye kiti chao. Satelaiti inasema 150 na kitu, kwa jua la upeoni, kwa majedwali yaliyonyooshwa kupita mipaka yake. Kifaa kilichosimama ardhini, cha aina inayoaminiwa kwa nusu karne, kinasema 300. Ungemwamini nani? Baadaye ilibainika kwamba takwimu zile za kituo cha Ncha ya Kusini zilikuwa na kosa. Lakini 1984 hilo halikujulikana, na kosa la shahidi wa ardhini likawafanya watu wamshuku shahidi wa angani aliyekuwa anasema kweli.

Tazama sasa jinsi mambo yalivyofungamana. Farman alisita kwa sababu satelaiti ilikuwa kimya. Watu wa satelaiti walisita kwa sababu ardhi ilisema hakuna kitu. Kila upande ulikuwa unafanya kile ambacho mwalimu yeyote wa maabara angesifu: kutafuta uthibitisho nje ya kifaa chako. Na kila mmoja akakuta nje kuna kitu kinachomwambia atulie.

Hawakutulia kabisa, lakini. Pawan Bhartia wa timu ya TOMS alituma muhtasari wa matokeo yao kwa ajili ya mkutano uliopangwa kufanyika Prague Agosti 1985. Mwaka 1984 pia Mjapani Shigeru Chubachi alikuwa ameonyesha, kwenye kongamano la ozoni huko Ugiriki, thamani ndogo za ajabu alizopima kwenye Syowa, kituo cha Japani huko Antaktika, katika majira ya kuchipua ya 1982. Lakini alikuwa na takribani mwaka mmoja tu wa vipimo, na mwaka mmoja hauwezi kueleza kama kitu kinashuka. Farman, Brian Gardiner na Shanklin walikuwa na miaka 27. Makala yao ilitoka katika jarida la Nature Mei 1985, kabla ya mkutano wa Prague. Tofauti kati ya anayekumbukwa na asiyekumbukwa ilikuwa ya miezi michache.

Kama kosa lingekuwa la kifaa

Naona ni haki kuwatetea kidogo waliokishuku chombo chao, maana TOMS kweli ilikuwa na ugonjwa, ingawa si huo.

Ili kujua mwanga uliorudi kutoka duniani ni sehemu gani ya mwanga wa jua, chombo kilipaswa mara kwa mara kulitazama jua lenyewe. Kilifanya hivyo kupitia bamba la kutawanyisha mwanga, maana jua moja kwa moja ni kali mno. Bamba hilo, kila linapopigwa na urujuanimno wa jua bila kinga ya anga, linafifia. Kufifia kukikadiriwa vibaya, hesabu zote zinahama polepole na ozoni ya dunia nzima inaonekana kama inapungua kuliko inavyopungua kweli. Jambo hilo lilitokea, na mwaka 1988 jopo la wataalamu waliochunguza mwenendo wa ozoni walilazimika kurekebisha data za satelaiti kwa kuzilinganisha na vifaa vya Dobson vya ardhini.

Lakini ukilifikiria bamba lile unaona haliwezi kuchora tundu. Ni bamba moja kwa mzunguko wote. Likififia, linaidanganya dunia nzima kwa pamoja, Oktoba na Machi, ikweta na nchani. Kamwe haliwezi kudanganya juu ya Antaktika pekee, kwa wiki chache, kisha likaacha. Kosa la kifaa hufuata kifaa. Lile la 1983 lilifuata ramani na kalenda. Hoja hiyo ilikuwa inapatikana tangu ramani ya kwanza ya alama za shaka, na nadhani ingeweza kuwapa ujasiri wa kumhoji shahidi wa Ncha ya Kusini mapema zaidi. Ni rahisi kwangu kusema hivyo leo, najua.

Kwa mtazamo wangu mpaka wa 180 haukuwa kosa. Bila mpaka, kanda zingejaa takataka na hakuna ambaye angeona chochote. Ni mpaka ule ule uliozifanya namba za ajabu zijitokeze kwa wingi mahali pamoja. Kilichokosekana ni mtu au programu ya kuhesabu alama zenyewe wiki kwa wiki, kama kipimo kingine kinachojitegemea. Idadi ya alama za shaka juu ya latitudo za kusini ingepanda kidogo 1982 na ingeruka 1983, na hilo halihitaji kujua lolote kuhusu ozoni.

Kile ambacho Halley haikuweza kuona

Makala ya Mei 1985 ilieleza kushuka. Haikuweza kueleza umbo. Kituo kimoja kinapima kipande cha anga kilicho juu yake, na upepo unaweza kukuletea hewa yenye ozoni kidogo bila ozoni yoyote kuharibiwa. Hapo ndipo data za TOMS zilipolipa deni lao. Kwa kuwa kanda ghafi zilikuwa zimehifadhiwa pamoja na alama zake, timu iliweza kurudi nyuma na kuchora Oktoba kwa Oktoba kuanzia 1979. Richard Stolarski na wenzake walichapisha matokeo hayo katika Nature Agosti 1986: upungufu ulikuwa na upana wa bara zima, ukikaa ndani ya mzunguko wa upepo unaolifunga anga la Antaktika wakati wa baridi.

Umbo hilo likawa ushahidi. Ukingo uliofuata mzunguko wa upepo uliashiria kwamba kinachotokea kinatokea ndani ya hewa iliyofungiwa na kupozwa. Mwaka huohuo Susan Solomon na wenzake walipendekeza kwamba klorini inayotokana na klorofluorokaboni, gesi zilizotumika katika makopo yale ya kupulizia, huamshwa juu ya chembe za mawingu yanayojitengeneza kwenye stratosfia ya nchani, tabaka la juu la anga lenye ozoni nyingi, ambako joto hushuka chini ya nyuzi -78 hivi. Farman na wenzake walikuwa wameshamtaja mshukiwa sahihi, klorini, ila namna yake ya kufanya kazi ilikamilishwa na hoja hii ya mawingu. Katika Agosti na Septemba 1987 ndege ya utafiti aina ya ER-2 iliruka kutoka Punta Arenas, Chile, ikaingia ndani ya tundu na kupima klorini na ozoni kwa wakati mmoja: pale monoksidi ya klorini ilipopanda, ozoni ilishuka, karibu kama kivuli chake. Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazoharibu ozoni, ilitiwa saini 16 Septemba mwaka huo.

Nimbus-7 ilidumu. TOMS yake iliendelea kusoma hadi Mei 1993, muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. TOMS ya pili ilirushwa 1991 ikiwa ndani ya satelaiti ya Kisovieti, Meteor-3. Majedwali yalikuwa yameshapanuliwa kwa anga ambazo watengenezaji wa mwanzo hawakuwa na sababu ya kuzifikiria, na tarehe 30 Septemba 1994 chombo hicho kilisoma Dobson 73 juu ya Antaktika. Namba ile ilipokelewa kama ilivyo.